Kufuata Unyuzi wa Karatasi: Siku Kumi kutoka Fabriano hadi Antwerp

Siku ya 1, jioni. Fabriano

Nimefika giza likiingia, milima ya Apennini imeuzunguka mji pande zote. Mkobani nina nguo chache, kalamu ya risasi, daftari moja la kurasa 96 na kitabu cha mashairi kilichochapwa mwaka 1897. Kitabu hicho nimekifunga kwa kitambaa, maana kila nikikifungua kinadondosha vipande vya kahawia kama majani makavu. Daftari ni hilo hilo moja kwa safari nzima. Nitaandika pande zote mbili, na pembezoni pia ikibidi.

Niandike kwanza kilichonitoa nyumbani. Nina miaka 14 katika kazi ya uchapaji: kukata, kukunja, kupanga, kujalidi. Mwaka jana tulichapa vijitabu vya mteja, tarehe ya kwenye jalada na kila ukurasa ikawa na kosa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma kabla mashine haijawashwa. Rimu 60 zikaharibika. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu, na rimu 60 ni kilo 150. Mimi ndiye niliyezipakia kwenye gari la taka. Zilikuwa nyeupe, safi, bado zina ule ubaridi wa karatasi mpya, na usiku ule sikulala. Nilijiona nimeshika kitu kwa miaka 14 bila kujua kinatoka wapi.

Siku ya 2. Fabriano

Makumbusho ya karatasi na alama za maji yamo katika iliyokuwa nyumba ya watawa wa Kidominiko, San Domenico. Nimeingia asubuhi na kutoka walipokuwa wanafunga.

Kilichonishika miguu ni kinu. Ni kinu kweli kweli, na michi yake: nyundo nzito za mbao zilizopangwa mstari, vichwa vyake vimepigwa misumari, zinainuliwa na kuangushwa na gurudumu la maji ndani ya birika lenye matambara na maji. Dum, dum, dum, bila kuchoka. Sisi tunasema mtu anatwanga maji kwenye kinu tukiona anajisumbua bure. Hapa maji yametwangwa kwa karne nyingi pamoja na mashuka na mashati yaliyochakaa, na kilichotoka ni vitabu.

Zamani Wachina na Waarabu walitwanga pia, lakini watu wa Fabriano, katika karne ya 13, waliunganisha nyundo nyingi na nguvu ya mto kwa namna iliyosaga matambara haraka na laini zaidi. Tena wakabadilisha gundi. Karatasi za Kiarabu zilipakwa wanga ili wino usisambae, na katika unyevunyevu wa Ulaya wanga ukaalika ukungu na wadudu. Mfalme Frederick wa Pili alikataza mwaka 1231 hati za serikali zisiandikwe kwenye karatasi, akihofia hazitadumu. Mafundi wa Fabriano wakachemsha mabaki ya ngozi za wanyama, wakapata gundi nyembamba, wakachovya karatasi humo. Ikawa ngumu, haivuji wino, wadudu hawaipendi. Kumbuka ngozi zenyewe zilikuwa mabaki ya kazi nyingine. Matambara mabaki, ngozi mabaki.

Jambo la tatu ni alama ya maji. Fundi alishona waya mwembamba wenye umbo fulani juu ya chekeche la kuchotea. Palipo na waya, rojo la matambara linalotulia ni pungufu, karatasi huwa nyembamba, na ukiiinua kwenye mwanga umbo linajitokeza. Ilikuwa sahihi ya kiwanda. Leo wanahistoria huitumia kutambua karatasi ilitengenezwa wapi na lini.

Usiku huu nimekaa nikilitafakari neno lenyewe, karatasi. Tumelipata kwa Waarabu, *qirtas*, nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao neno hilo lilikuwa la majani ya mafunjo yaliyotandazwa kuandikiwa. Jina ni la mmea wa Mto Nile, na kitu chenyewe ni cha China.

Siku ya 3. Kwenye treni

Siku nzima njiani kuelekea kaskazini. Mahandaki, maziwa, mahandaki tena.

Nimechora dirishani njia ambayo karatasi yenyewe ilipita kabla ya kufika huku. Mwaka 105 Cai Lun, ofisa wa ikulu ya watawala wa Han nchini China, alimwarifu mfalme wake kuhusu karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya mforosadi, katani, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia. Vipande vilivyochimbuliwa China vinaonyesha kwamba kitu cha namna hiyo kilikuwapo hata kabla yake, ila yeye ndiye aliyeifanya kazi ikawa na utaratibu. Kutoka China ufundi ukahamia Samarkand katika karne ya 8, ukafika Baghdad kabla karne hiyo haijaisha, ukavuka Afrika Kaskazini, ukatua Xàtiva nchini Hispania katika karne ya 12, kisha Italia. Zaidi ya miaka elfu nzima. Na baadaye ikawa Italia ndiyo inayouza: karatasi zenye alama ya miezi mitatu kutoka eneo la Venice zilipelekwa Misri na Sudani, na wanazuoni wakaandika juu yake.

Nyavu kuukuu. Sijui kwa nini neno hilo limenigusa kuliko yote.

Siku ya 4. Basel

Leo nimetengeneza karatasi kwa mikono yangu.

Kinu cha karatasi cha Basel kipo katika bonde la St. Alban, kando ya mfereji ambao watawa waliuchimba katika karne ya 12 kuleta maji ya mto Birs. Jengo lilifanywa kinu cha karatasi mwaka 1453, na tangu 1980 ni makumbusho ambamo mitambo bado inafanya kazi: gurudumu linazunguka, michi inatwanga, mgeni anaruhusiwa kuingiza mikono.

Rojo kwenye pipa halionekani kama kitu cha maana. Ni maji yenye ukungu mweupe. Mama mmoja mtu mzima aliyevaa aproni ya mpira alinipa chekeche lenye fremu, akanionyesha: liingize wima, lilaze ndani ya maji, linyanyue likiwa sawa, na maji yakianza kushuka lisukume mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, mara moja tu. Huko kusukuma ndiko kunakofanya nyuzi zilale zikiwa zimepishana. Ukichelewa sekunde mbili, zimeshatulia, huna la kufanya.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa nene upande mmoja na upande wa pili ina tundu. Ya pili hali kadhalika. Yule mama aliigeuza juu ya pipa, rojo likarudi majini, likakorogeka, kosa likafutika. Nilimuuliza ni ngapi zinaharibika kwa siku. Akasema hakuna inayoharibika, zote zinarudi pipani. Nikazikumbuka rimu zangu 60.

Ya tano ilikaa vizuri. Unaondoa fremu, unaligeuza chekeche juu ya kipande cha blanketi la sufu, unaligandamiza na kulinyanyua, na karatasi inabaki imelala juu ya sufu, imelowa, inatetemeka. Juu yake blanketi jingine, karatasi nyingine. Rundo likitosha linawekwa chini ya mashine ya kukandamiza, parafujo inakazwa, na maji yanabubujika pembeni. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu watatu, mmoja anachota, wa pili analaza juu ya sufu, wa tatu anabandua, na wote walilazimika kwenda kwa mwendo mmoja.

Swali nililokuwa nalo tangu ujana wangu kazini limejibiwa pale. Nini kinachoshika karatasi? Si gundi. Gundi ni ya kuzuia wino usisambae. Nyuzi zenyewe, zikishatwangwa hadi zikachanuka vitawi vidogo, zinakaribiana maji yanapoondoka na kushikamana moja kwa moja. Maji huziunganisha yakitoka, na yakirudi huziachanisha. Ndiyo maana karatasi inaweza kuwa karatasi tena: ukiilowesha na kuivuruga, umerudi kwenye pipa.

Nimetengeneza karatasi saba kwa muda wa saa nzima. Kesho zitakuwa zimekauka.

Siku ya 5. Basel

Nimekwenda kuchukua karatasi zangu na nikabaki hadi mchana, kwenye chumba cha matambara.

Kwa zaidi ya miaka 600 karatasi ya Ulaya ilitoka kwenye nguo zilizochakaa. Wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba. Wanawake walikaa kwenye vumbi wakichambua kitani safi na chafu, wakakata vifungo na mishono kwa visu vilivyosimikwa mezani. Vumbi lile liliwaletea maradhi ya kifua, na hakuna aliyeandika majina yao kwenye alama za maji. Halafu vitambaa viliachwa vilowe na kuoza kidogo ndipo viende kwenye kinu. Shuka lilizaliwa shambani, likalaliwa, likachanika, likawa kitambaa cha kufutia, na mwishowe likawa ukurasa. Tunayoyaita leo matumizi endelevu, kana kwamba yamebuniwa jana, ndiyo hali ambayo karatasi ilizaliwa nayo. Kuichukua karatasi moja kwa moja kutoka kwenye mti mzima, na kuitupa baada ya dakika tano, ni jambo la juzi.

Lilianza kwa dhiki. Wasomaji waliongezeka, magazeti yakaongezeka, matambara hayakutosha. Mwaka 1719 mwanasayansi Mfaransa Réaumur alieleza jinsi nyigu wanavyotafuna mbao na kujenga viota vya kitu kinachofanana kabisa na karatasi, akashauri binadamu wajifunze kwao. Miaka ya 1760 mchungaji Schäffer wa Regensburg alijaribu viazi, majani, hata viota vyenyewe vya nyigu, na akaweka sampuli ndani ya vitabu vyake. Mwaka 1799 Louis-Nicolas Robert akapata hataza ya mashine inayotengeneza karatasi ndefu bila kukatika, na mwaka 1814 gazeti la The Times la London likachapwa kwa mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, karatasi 1,100 kwa saa, ambapo mtambo wa mkono ulitoa kama 250. Tumbo la mashine likawa halishibi matambara. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller na, ng'ambo ya bahari, Mkanada Charles Fenerty, kila mmoja bila kumjua mwenzake, wakaonyesha karatasi ya mbao iliyosagwa.

Hapo karatasi ikawa rahisi kupatikana, watoto wengi zaidi wakapata vitabu vya shule, na hilo silibezi hata kidogo. Lakini mbao iliyosagwa ina lignini, ile gundi ya asili inayoufanya mti usimame, na lignini ikipigwa na mwanga hugeuka njano. Isitoshe, tangu ugunduzi wa Moritz Friedrich Illig mwaka 1807, gundi ya ngozi ilikuwa imebadilishwa kwa utomvu wa msonobari na shabu, na shabu huacha asidi inayozila nyuzi polepole kutoka ndani.

Nilikifungua kitabu changu cha 1897 mezani, nikaweka kando yake moja ya karatasi zangu za jana, na makumbusho walikuwa na karatasi ya kitani ya karne ya 15 ndani ya kioo. Ile ya karne ya 15 ilikuwa nyeupe na laini. Ya 1897 ilivunjika kona nilipoigeuza. Leo karatasi za kudumu hutengenezwa bila asidi, na chokaa huongezwa ndani yake kama kinga. Mteja akitaka kitabu cha kukaa na wajukuu zake, nitamwambia hilo kabla hajauliza bei.

Siku ya 6. Mainz

Basel na Mainz zimeunganishwa na mto Rhine, na pia na mtu mmoja. Enea Silvio Piccolomini alikuwa Basel wakati wa mtaguso mkubwa wa kanisa uliokuja na makatibu na kiu ya karatasi. Mwaka 1455 aliandika barua kuhusu kurasa za Biblia alizoziona Frankfurt mwaka uliotangulia, zenye maandishi safi kiasi cha kusomeka bila miwani. Zilikuwa za Gutenberg, mchapaji wa Mainz.

Nimesimama mbele ya Biblia ile muda mrefu. Mistari 42 kila safu, weusi wa wino haujafifia. Nakala zilikuwa kama 180, robo tatu hivi kwenye karatasi na zilizobaki kwenye ngozi ya ndama. Karatasi ilitoka Italia ya kaskazini. Alama zake za maji ni kichwa cha ng'ombe, zabibu, ng'ombe anayetembea. Nakala moja ya ngozi ilihitaji ndama wapatao 170. Nimepiga hesabu ukingoni mwa daftari: nakala 180 zote zingekuwa za ngozi, wangechinjwa ndama zaidi ya 30,000 kwa kitabu kimoja. Watu humsifu Gutenberg kwa herufi zake za risasi, bati na antimoni, na anastahili. Bila matambara yaliyotwangwa Italia, herufi hizo zisingekuwa na mahali pa kukanyaga.

Wala hakuwa wa kwanza kuchapa. Makumbusho yana sehemu ya Asia, na inasema wazi: China ilikuwa na kitabu kilichochapwa kwa ubao mwaka 868, Bi Sheng alitumia herufi za udongo katika miaka ya 1040, na Korea ilichapa kitabu kiitwacho Jikji kwa herufi za metali mwaka 1377.

Ila kilichonifanya nikae chini ni kikaratasi kisichozidi kiganja. Ni kipande cha shairi la Kijerumani, miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za herufi za Gutenberg. Kimesalia kwa sababu mjalidi fulani alichukua ukurasa usiotakiwa tena, akaukata, akautumia ndani ya jalada la daftari la hesabu. Mwaka 1892 mtu alipofungua jalada hilo, akakikuta. Wajalidi wengi wa zamani walifanya hivyo, na mimi mwenyewe nimejalidi kwa mabaki mara nyingi bila kufikiria kwamba ninaweka kitu akiba. Chozi lilinitoka, na sioni haya kuliandika.

Siku ya 7. Mainz

Mvua. Nimekaa nikisoma niliyoyaandika. Kurasa 61 zimekwisha.

Siku ya 8. Antwerp

Nyumba ya wachapaji Plantin na Moretus. Christophe Plantin alianza kuchapa mjini Antwerp mwaka 1555, na ukoo wake ukaendelea hadi karne ya 19, mashine, herufi, hesabu na samani zikiwa palepale. Alipofanikiwa zaidi alikuwa na mitambo 16. Miwili iliyobaki ya mwaka 1600 hivi ndiyo ya zamani zaidi duniani. Nimeigusa mbao yake kwa macho tu, hairuhusiwi.

Nimependa chumba cha wasahihishaji. Meza ya mwaloni, dirisha kubwa la mwanga. Watu wasomi walikaa hapo wakisoma kila ukurasa wa majaribio, neno kwa neno, kabla rundo la karatasi halijaguswa. Karatasi ilikuwa sehemu kubwa ya gharama ya kitabu, kwa hiyo kosa lililopita lilikuwa mali iliyoteketea. Kwetu karatasi imekuwa rahisi, na kiti cha msahihishaji ndicho cha kwanza kuondolewa. Nimelitafakari jambo hilo nimesimama mlangoni mwa chumba kile mpaka walinzi wakaniangalia. Nikirudi nitaomba kiti hicho kirudishwe, hata kama ni mimi nitakayekikalia baada ya saa za kazi.

Siku ya 9. Kiwanda cha kurejeleza

Niliwaandikia mapema nikaruhusiwa kuingia kwa saa mbili. Uani kuna marobota ya karatasi yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa: magazeti, bahasha, madaftari ya shule yenye alama za mwalimu.

Ndani ni kama Basel, ila pipa ni kubwa kama nyumba. Karatasi zinavurugwa kwenye maji ya uvuguvugu, pini na plastiki zinachujwa, kisha inaletwa sabuni na viputo vya hewa. Wino hauyapendi maji, unang'ang'ania viputo, unapanda nao juu, na kuenguliwa kama povu la kijivu. Nilidhani ni ufundi wa jana, kumbe Justus Claproth, mwanasheria wa Göttingen, alieleza mwaka 1774 jinsi ya kuosha karatasi zilizochapwa na kutengeneza mpya.

Fundi aliniambia mambo yanayomtesa. Risiti za mashine za joto zina kemikali, zisiwekwe humo. Vikombe vyenye ngozi ya plastiki, karatasi za nta, gundi za kunata za bahasha, na zile zenye mafuta ya chakula vinasumbua mtambo mzima. Na unyuzi una umri: kila mzunguko unaufupisha, na baada ya mizunguko mitano hadi saba hivi unakuwa mfupi mno, unapita kwenye chekeche pamoja na maji machafu. Kwa hiyo nyuzi mpya lazima ziingie daima. Ndipo linapokuja suala la msitu unaotoka mti huo, kama unapandwa na kulindwa, na kama nembo iliyopo kwenye rimu ina ukaguzi nyuma yake. Ile ya FSC ni ya baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, lililoanzishwa mwaka 1993 kwa kazi hiyo. Nimekuwa nikifungua rimu zenye nembo ile kwa miaka bila kuisoma.

Akanipa kipande cha rojo kilichokandamizwa, bado kibichi. Ndani yake kuna nukta ya buluu, wino wa mtu fulani. Nimekilaza katikati ya daftari.

Siku ya 10. Kwenye treni

Zimebaki kurasa tisa. Nimetumia mbili kwa hesabu ya kazi inayonisubiri mezani: mteja anataka kijitabu cha sentimita 15 kwa 23. Karatasi yetu kubwa ni 61 kwa 86. Nikiipanga kwa ukubwa huo napata majani 12 tu yakilala upande mmoja, na ukanda mpana unakwenda jaani. Nikimshawishi ashuke hadi 15 kwa 21, napata majani 16 kwenye karatasi ile ile na mabaki ni nyuzi tu za pembeni. Kwa kazi yake nzima, karatasi kubwa moja katika kila nne haitahitajika.

Nimeanza kumwandikia barua. Nimemuuliza pia nakala ngapi kati ya alizoagiza anajua hakika zitafika mkononi mwa msomaji, na nikamwomba anitumie mtu wa kusoma tarehe zote pamoja nami kabla mashine haijawashwa.